Mfanyakazi Bora wa Karakana ya Majeneza

Katika Homa Bay yote hajawahi kuzaliwa mwajiri aliyempenda fundi wake kama Cephas! Wengine huwapenda wafanyakazi wao wakishakufa. Cephas hakuweza kungoja. Wa kwake alimfanyia matanga angali hai.

Cephas ni mkurugenzi. Karakana yake ni ya majeneza, nayo iko kando ya barabara ya kwenda hospitalini, mahali pazuri kwa biashara hiyo, Mungu atusamehe. Aliirithi kwa babake, mzee aliyejua kushika randa. Cephas anajua kushika simu.

Enzi za mzee hakukuwa na mkurugenzi. Kulikuwa na sinia moja la nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa yakaiva, na mzee akiketi juu ya gogo kula na mafundi wake. Mtoto wa fundi akiugua, mzee ndiye wa kwanza kubisha hodi. Hakuna fundi aliyehama. Ahame aende wapi? Lakini siku hizi tumestaarabika. Mzee alipozikwa, Cephas alitangaza kwamba kula pamoja kunapoteza muda, na sinia likaenda kunyweshea kuku.

Mwaka huohuo mafundi wawili wakahama. Wa kutegemewa akabaki Zablon, miaka kumi na minane kazini, fundi ambaye jeneza lake likipita hata wafiwa hunyamaza kidogo walitazame. Kisha ikavuma habari kwamba Noordin, mwenye duka la samani kule Migori, anamtaka Zablon. Akiondoka huyo, karakana ingebaki na Cephas, simu na vumbi la mbao.

Mtu wa kawaida angerudisha sinia la nyoyo. Cephas alikwenda semina Kisumu!

Alirudi na kadi shingoni, kalamu ya bure na maneno mengi.

"Mfanyakazi haondoki kwa sababu ya pesa!" aliwahubiria mafundi. "Anaondoka kwa sababu ya utamaduni wa kazi! Kuanzia leo sisi ni familia."

"Hiyo familia inakula saa ngapi, bosi?" aliuliza Frankline, fundi wa vanishi.

"Frankline, wewe unawaza tumbo. Mimi nazungumzia moyo."

Basi moyo ukaanza. Kila asubuhi watu wazima walipiga makofi mara tatu na kujiambia kwamba wao ni simba. Liz aliyekuwa akifagia akawa Afisa wa Mazingira, kwa ufagio uleule. Likatundikwa sanduku la maoni lenye kufuli, ufunguo ukapotea siku hiyohiyo.

"Bosi," alisema Zablon, "naomba kitambaa cha kufunika pua. Vumbi linanimaliza kifua."

"Hayo ni maoni mazuri sana! Andika, utie kwenye sanduku."

Ijumaa moja Zablon akaomba ruhusa ya kwenda Migori. Kuna mtu anataka kumwona, alisema. Cephas alimjua mtu huyo. Hapo ndipo alipochomoa silaha kubwa kuliko zote za semina: Mfanyakazi Bora wa Mwezi!

Alichukua picha ya kitambulisho cha Zablon, ile ambayo hata malaika angetoka kama mtuhumiwa, akaikuza mpaka ikawa sawa na dirisha. Akaitia kwenye fremu ya dhahabu ya dukani. Akaitundika mlangoni, katikati ya majeneza mawili yaliyosimama wima. Juu akaandika: ZABLON, TUNAKUTHAMINI DAIMA. Chini akaandika cheo chenyewe, kisha akaona haipendezi bila maua, akaweka shada la plastiki, likakifunika cheo chote. Halafu akaenda kijijini kwake Ndhiwa kupumzika, kama Mungu siku ya saba.

Jumamosi asubuhi waendesha boda boda wawili walisimama ghafla.

"Omera, ndugu yangu, huyu si Zablon?"

"Yawa! Na sasa hivi nimemwona akipanda gari la Migori!"

"Basi ni hiyo gari imemmaliza."

Kufikia adhuhuri, midomoni mwa watu, gari lilikuwa limepinduka mara tatu na kuingia mtoni. Watu walimpigia Zablon simu, haikupatikana. Chaji ilikuwa imekwisha, lakini nani hufikiria chaji wakati kuna picha, maua na majeneza?

Jumatatu karakana ilifurika. Shangazi Truphena, aliyemlea Zablon, aliteremka kutoka Mbita akilia njia nzima, na wanawake wa kanisa nyuma yake. Kamati ya mazishi iliundwa kabla chai haijachemka, na mwenye kutaka kuwa mweka hazina alijiteua mwenyewe.

Cephas akafika saa nne, saa ya wakurugenzi.

"Kuna nini?"

"Zablon ametutoka!"

Mtu yeyote angetazama picha aliyoitundika kwa mkono wake na kupata jibu. Lakini Cephas alitazama umati, akampigia Zablon, kimya, na akaamini! Akajitupa chini na suti yake.

"Zablon! Nani atanikatia mbao sasa? Tuliishi kama familia!"

Shangazi Truphena akamsaidia kuinuka.

"Umesema vizuri, baba. Mwanangu amewajengea watu nyumba ya mwisho miaka kumi na minane. Yeye je, atalala ndani ya nini?"

Macho yote yakageukia jeneza la mvule lililokuwa mlangoni, linalong'aa, kazi ya Zablon mwenyewe. Machozi ya Cephas yakakauka kama tone juu ya bati.

"Mama," alisema akirekebisha tai, "karakana ina sera. Mfanyakazi anapata punguzo la asilimia kumi."

Akaingia stoo, akatoka akikokota jeneza la plaiwudi, akaliweka juu ya benchi mbili.

"Hili ndilo linamfaa. Ni jepesi kubeba."

"Hilo nililikataa mwezi wa tatu," ikasema sauti kutoka nyuma. "Chini limeoza."

Umati ulipasuka! Mweka hazina aliruka ua. Shangazi peke yake ndiye aliyesimama, akamfinya Zablon shavu, akaona ni nyama ya moto, akaanza kulia upya.

Zablon alikuwa na mkoba begani na vumbi la safari.

"Nilikwenda kumwambia Noordin asante," alisema polepole, "ila siwezi kumwacha mtoto wa mzee aliyenifundisha randa. Jana nimemwambia hivyo." Akalitazama lile jeneza la plaiwudi. "Miaka kumi na minane, Cephas. Asilimia kumi."

Hakusema tena bosi.

"Picha ni zawadi!" Cephas alipiga kelele. "Soma chini ya maua! Na jeneza ni zima! Tazama!"

Akaingia ndani yake, akaruka kwa viatu vyake vya semina. Mguu wa kulia ukapita chini mpaka pajani. Alijaribu kuuchomoa, mbao zikambana. Akabaki amevaa jeneza kama gambuti, mguu mmoja wa mkurugenzi na mmoja wa marehemu.

Mafundi waliokimbia walikuwa wamesharudi kuchungulia, na Zablon akaazima simu ya Frankline.

"Mzee Noordin, ni mimi Zablon. Ile kazi niliyokataa jana, bado ipo?"

Akasikiliza, akatabasamu, akarudisha simu. Akamshika shangazi mkono, wakashika njia ya stendi. Frankline akaweka brashi chini, akawafuata. Liz akafuata. Mafundi wengine wakavua aproni.

"Mafundi!" Cephas aliita. "Mnaenda wapi? Leteni patasi mnitoe!"

"Tunamsindikiza Zablon, bosi!"

Walimsindikiza vizuri sana. Walifika naye mpaka Migori, na hadi leo hakuna aliyerudi.