Kipoyi cha Mheshimiwa Archange

Raia wote wa Kalembe na milima ya jirani wajulishwe kama, kuanzia leo, huduma ya afya imekaribishwa kwao kwa njia ya kuisogeza mbali.

Njo vile Mheshimiwa Archange, deputé, mubunge wa sehemu ile, alivyotangaza ku kiwanja cha mupira baada ya misa. Alieleza pole pole, sababu alipenda raia waelewe. Kabla kituo cha afya cha Kalembe kifunguliwe, hakuna muntu pale aliyekuwa na tension, ule ugonjwa wa damu kupanda. Infirmière, muuguzi wa kituo, akafika na mashini yake ya kufunga ku mukono, na ghafla tension ikajaa kijiji kizima. Kwa hiyo ugonjwa unafuata wauguzi. Tena mugonjwa anayetembea mpaka ospitali kubwa, kule ng'ambo ya milima, akifika amekwisha kuonesha kama ana nguvu ya kustahimili dawa.

Kituo kikafungwa. Franga zake zikanunua jeep ya kufuatilia afya ya raia kwa karibu. Kwa ubaya wa njia, jeep ikabaki Goma, ikifuatilia kutoka kule.

"Na ule mwenye hawezi kutembea?" aliuliza Mama Mukashema, mujane mulimaji wa maharagi, asiyejua kunyamaza.

"Ule tuko na ambulance yake, mama."

Ambulance ilikuwa kipoyi, kitanda cha mianzi kinachobebwa ku mabega ya watu wane. Kilikuwa cha kijiji tangu zamani. Kila nyumba ilitoa mubebaji, na mwanaume yeyote aliyekutana na kipoyi njiani aliweka muzigo wake chini, akashika muti wa kubebea, akuwe mwalimu ao katekista. Hata Mumbere, mufanyabiashara wa Butembo mwenye duka na tumbo, alibeba huku akitukana mulima kwa Kinande. Mheshimiwa aliongeza jina tu, Huduma ya Jimbo ya Kusafirisha Wagonjwa Bila Mafuta, na picha yake, iliyobandikwa upande wa kichwa.

Siku wafadhili wawili walipofika kuangalia huduma ile, Mheshimiwa aliona haifai kuwaonesha mugonjwa wa kweli. Wagonjwa wa Kalembe walikuwa wamekonda, wangeharibu picha. Akapanda kipoyi mwenyewe, kule milima ya jirani. Floribert, mukubwa wa wabebaji, aliangalia suti, akaangalia zile kilo zote zilizokuwa ndani ya suti, akatema mate mu viganja.

Kule juu ya mabega kulikuwa kuzuri. Mheshimiwa alipungia mashamba mukono. Alifikiri kama raia wakijua raha hii wataanza kugonjwa kwa makusudi, na akaanza kutunga mu kichwa sheria ya kuwazuia.

Mama Mukashema akatokea mu njia, kitambaa cha kichwa mu mukono. Nyuma yake vijana walikuwa wamemushika Muhawenimana, muke wa mutoto wake.

"Floribert, shusha. Huyu anazaa tangu jana. Mutoto amekingama."

"Mama, tuko mu demonstration ya wageni," alisema Mheshimiwa kutoka juu. "Mungoje kidogo tumalize."

"Miye ninaweza kungoja. Ule mutoto njo hatangoja, haiko wa parti yako ya politiki."

Floribert akainamisha bega. Kipoyi kilishuka kwa adabu mpaka mu matope. Muhawenimana akalazwa pale, midomo imekauka, macho yamefungwa. Mheshimiwa alikuwa anapanguza suruali, tayari kuwaeleza wageni kama hii njo sehemu ya pili ya programu, wakati Floribert alimugeukia.

"Mheshimiwa, umekutana na kipoyi njiani. Muti wako ule pale."

Mufadhili mumoja alikuwa amekwisha kuinua kamera. Mheshimiwa akashika muti.

Ku mulima wa kwanza alivua koti. Ku mulima wa pili aliacha kuongea, kitu ambacho jimbo halikupata kuona. Kila alipoteleza, Muhawenimana alilia karibu na sikio lake, akaanza kuchagua pa kukanyaga. Walipofikia jengo la kituo cha Kalembe, mbuzi wamelala ku mulango, akauliza kwa nini wasimuweke pale.

"Si ulitukaribishia huduma," alisema Floribert akihema. "Iko kule mbele."

Ku barière, pale kamba imefunga njia, askari walidai kitu. Mheshimiwa alisema yeye ni deputé. Askari aliangalia matope, akaangalia muti ku bega.

"Na miye niko gavana. Toa kitu, upite."

Saa ya Mheshimiwa ilibaki pale.

Ku ospitali kubwa Muhawenimana alipasuliwa, akapona, yeye na mutoto. Munganga alisema wangechelewa kidogo tu, kipoyi kingerudi kimefunikwa. Mheshimiwa alipeana na wafadhili mukono wa kushoto, sababu wa kuume ulikataa kupanda. Alitaka kwenda kupumzika Goma, lakini mapigano yalikuwa yamekata njia. Akarudi Kalembe na wabebaji.

Pale njo hodi zilianza. Hakuna aliyemutukana, hakuna aliyemuomba franga. Leo Papa Evode, ngiri imemukaza. Kesho bibi aliyevunjika muguu. Kila mara Floribert alisimama ku mulango, kofia mu mukono: "Mheshimiwa, zamu yako." Mama Mukashema alimuletea viazi vya moto. "Kula, baba. Hii wiki bagonjwa ni bengi, na bengine bamenenepa."

Aliyenenepa alikuwa Mumbere, tumbo limemukamata upande mumoja. Katikati ya mulima mukali kuliko yote, Mheshimiwa aliomba wasimame. Bila kutoka chini ya muti alitangaza, mbele ya wabebaji watatu na mugonjwa mumoja, kama kituo cha Kalembe kinafunguliwa mara moja, infirmière arudi, na jeep iuzwe inunue dawa.

"Ni nini imebadilika, Mheshimiwa?" aliuliza Mumbere kutoka juu, akishika tumbo.

Mheshimiwa alingoja pumzi imurudie. Akasema utafiti wa kina, alioufanya yeye mwenyewe, umeonesha kama njia imerefuka.