Kibali cha Kuota Gari-Nyumba

Kwa furaha isiyo kifani, na kwa mujibu wa Azimio Namba 44, Kaunti ya Lundeen inautangazia umma wote kwamba kuanzia Jumatatu ya kwanza ya Septemba ni marufuku kwa mkazi yeyote kuota kuhamia ndani ya gari-nyumba bila kibali. Wale ambao wameshaanza kuota wamepewa siku kumi wajisalimishe. Ofisi iko wazi saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, isipokuwa wakati wa kahawa, na wakati wa kahawa hautangazwi kwa sababu za kiusalama.

Tangazo hilo nililiandika mimi. Jina langu ni Lowell Amdahl, Naibu Mkuu wa Idara ya Makao Yasiyotulia, na naomba msicheke. Sisi huku Dakota Kusini yalikuwa yametufika shingoni. Mtu anastaafu leo, kesho anauza nyumba, makabati na mashine ya kukatia nyasi, keshokutwa unamwona kakaa juu kwenye usukani wa gari refu lenye kitanda, jiko na choo, anakupungia mkono, huyoo, Arizona, na harudi tena. Mtaa wa Birch peke yake umepoteza kaya sita. Kamishna wetu, Mheshimiwa Arvid Skogstad, alilisema vizuri kwenye kikao: "Hawa watu wakishazoea kuondoka, sisi tutakuwa tunamtawala nani?" Wajumbe walipiga meza, na mmoja akatokwa na machozi.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Mwotaji anajaza fomu ya kijani, anaeleza ndoto ilimwanza lini, na kama ndani ya ndoto wamo watu wengine, nao waje kutia saini. Kisha gari lake linasimama mahali pamoja siku tisini bila kutikisika, ili lithibitishe kwamba linaweza kusafiri. Akifaulu anapewa cheti. Bila cheti hapati namba za gari, na bila namba haendi popote. Katika wiki tatu tulipokea maombi mia mbili na kumi na moja, na tukakubali sifuri, jambo linaloonyesha umakini wa watumishi wetu.

Ndipo wakaja Orrin Tveit na mkewe Verna.

"Ndoto ilikuanza lini, mzee?" nilimuuliza.

"Mwaka wa kwanza kazini. Siku ile mbwa wa Nygaard aliponing'ata."

"Andika tarehe ya mbwa."

Orrin alikuwa tarishi wa posta. Miaka thelathini na mmoja alipeleka barua kwa miguu kwenye mitaa ile ile minne, barua zenye stempu za kila mahali, na yeye mwenyewe hakufika hata mahali pamoja. Haombi makubwa. Anataka kuiona bahari, basi. Ana miaka sitini na nane na hajaiona.

Mkewe alikuwa mpishi wa shule, na huyo ulimi wake haujastaafu. Nilipofika swali la kumi na saba alinikata.

"Lowell, nimekulisha miaka sita kwenye ile shule. Njegere ulikuwa unazificha mfukoni. Leo unaniuliza mimi kama nina akili timamu?"

"Ni swali la fomu, mama."

"Basi iambie fomu ninazo, na ikitaka nitaigawia."

Tatizo lao lilikuwa kalenda. Nyumba walikwisha kuiuza, na mnunuzi alikuwa anaingia Ijumaa saa sita mchana. Sheria inataka siku tisini, wao walikuwa na siku nne. Baada ya hapo hawana nyumba ya kukaa wala gari la kuondokea, na Orrin angeishia kwenye kochi la shemeji yake huko Mtaa wa Birch, anaangalia barabara ile ile aliyoitembea maisha yake yote. Niliwaeleza kwamba Idara inasikitika. Tunao mhuri maalumu wa kusikitika.

Hata hivyo niliwapa nafasi ya Jaribio la Ubanano, ili wasiseme tumewaonea. Mume na mke wanafungiwa saa tatu ndani ya stoo ya karatasi, pamoja na mashine mbovu ya kunakili, nasi tunasikiliza mlangoni. Saa ya kwanza walicheza karata. Saa ya pili Verna alipiga kelele, "Mwizi mkubwa we! Hiyo shupaza umeitoa wapi?" nasi tukanoa penseli kwa matumaini. Saa ya tatu kukawa kimya. Nilipofungua niliwakuta wanacheza dansi bila muziki, Orrin kavaa boksi la karatasi kichwani. Niliandika: "Hawakuonyesha ugomvi unaotarajiwa. Wamefeli."

Ijumaa saa nne asubuhi Mheshimiwa Skogstad alikuja mwenyewe kwa ukaguzi wa mwisho, yaani kuwanyima ana kwa ana. Gari lilikuwa mbele ya nyumba, limeoshwa hadi linatia kiwi macho, na Verna alikuwa amelipaka jina ubavuni kwa rangi nyekundu: Bibi Harusi. Majirani walikuwa wameleta viti vya kukunja, kahawa, na bakuli kubwa la nyama ya kusaga iliyofunikwa viazi, kama tunavyofanya siku zote mtu akiondoka au akifa.

"Chumba kitoeni," aliamuru Mheshimiwa.

Magari haya yana chumba cha pembeni. Unabonyeza kitufe, ukuta mzima unateleza kwenda nje pamoja na kochi lake, na ndani panapanuka mpaka mtu anaweza kujinyoosha. Wakati wa kusafiri kinavutwa ndani. Orrin alibonyeza. Ukuta ukatoka taratibu. Mheshimiwa alibaki mdomo wazi, kisha akakohoa.

"Rudia," akasema.

Orrin akarudia.

"Tena. Kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi."

Walirudia mara saba. Mara ya nane kikabaki nje, na Mheshimiwa akatufukuza wote tutoke, kwa kuwa kanuni inataka mkaguzi abaki peke yake na kinachokaguliwa. Akavua koti, akalitundika karibu na mlango, akaanza kazi. Tulisikia droo zinafunguliwa na kufungwa. Tulisikia bafu linafunguliwa maji. Tulimsikia akijaribu kitanda, kwa muda mrefu kidogo. Halafu kimya.

Nikajua amekwisha kwenda zake, kwa mlango wa dereva ulioko upande wa barabarani. Mkubwa wetu haagi mtu. Anasema kuaga ni kukiri kwamba kuna wenzako. Kwa hiyo nikaongeza kahawa.

Saa sita kasoro dakika kumi akafika mnunuzi, daktari mmoja wa meno, na lori la samani nyuma yake. Bibi Harusi alikuwa ameziba njia yote. Sheria ni sheria, ikabidi nichukue hatua.

"Mzee Orrin, gari hili limeziba njia ya mtu. Liondoe."

"Niliweke barabarani?"

"Gari lisilo na namba halisimami kwenye barabara ya kaunti. Kifungu cha sita."

"Uwanja wa kanisa?"

"Uko ndani ya kaunti."

"Nyuma ya ghala la mahindi la Nygaard?"

"Nalo liko ndani ya kaunti."

Orrin akajikuna kichwa. "Kwa hiyo unatufukuza?"

"Sijawafukuza, na nakuonya usininukuu hivyo. Nimesema msiwepo."

Verna alikuwa amenyamaza muda wote, jambo ambalo lilipaswa kunitisha. "Lowell mwanangu," akasema kwa sauti ya asali, "hebu yaandike hayo. Sisi ni wazee, tunasahau."

Nikaandika: "Gari hili lisionekane ndani ya Kaunti ya Lundeen kuanzia saa sita mchana leo." Nikagonga mhuri. Nikagonga na wa pili, maana kugonga mhuri nakupenda. Verna aliibusu karatasi ile, akambusu Orrin, akanibusu na mimi kwenye paji la uso mbele ya umma.

"Orrin! Tumeamriwa! Serikali imesema twende!"

Jamani, mngewaona! Wazee wale walikimbia. Watu wa magari haya hawaondoki bila kulizunguka gari, mmoja anasoma orodha iliyobandikwa mlangoni, mwingine anaitikia, na hawairuki hata ukiwashikia bunduki.

"Mpira wa maji taka?" alisoma Verna.

"Nimeutoa!"

"Waya wa umeme?"

"Nimeukunja!"

"Antena?"

"Imelala!"

"Ngazi?"

"Iko ndani!"

"Chumba?"

"Kinaingia!"

Ukuta ukateleza kurudi, na kochi likasogea mpaka likaubana mlango wa choo, kama lilivyoundwa. Orodha ile ina mambo ishirini na manne. Jambo la kumtafuta Kamishna halimo, na mimi silaumu orodha.

Honi ikalia njia nzima. Verna akalitupa aproni lake la shule dirishani, likatua juu ya daktari wa meno. Majirani walipiga makofi wakiwa wamesimama juu ya viti. Mimi nilisimama wima kwa heshima ya ofisi, na moyo wangu ukaruka kwa furaha bila idhini yangu. Niliukemea papo hapo.

Saa tisa na nusu simu ililia.

"Lowell! Mpumbavu mkubwa! Niko Nebraska!"

"Hongera, Mheshimiwa. Kikazi?"

"Nilikuwa chooni! Nilijifungia nipime kama mtu anajisitiri vizuri, nikasikia ukuta unakuja, mlango ukagoma! Nimepiga kelele maili mia, wao wanaimba! Simu ilikuwa kwenye koti, na koti nililitundika nje ya choo! Wamenifungulia sasa hivi, waliposimama kunywa kahawa!"

Nyuma yake nikamsikia Verna: "Mwambie hajambo! Kashakula sahani mbili!"

"Nitumie gari la ofisi!" alifoka Mheshimiwa.

"Gari la ofisi halitoki nje ya kaunti bila saini yako, na saini inatiwa mezani pako. Njoo utie, nami nitakufuata mara moja."

"Basi hawa wageuze wanirudishe!"

"Hawawezi, Mheshimiwa. Wana amri wasionekane huku."

"Amri ya nani?"

"Yangu. Ina mihuri miwili."

Nilifungua kitabu cha kanuni.

"Halafu kuna kifungu cha kumi na mbili," niliendelea. "Mtu yeyote anayevuka mpaka wa kaunti ndani ya gari-nyumba lisilo na kibali anahesabika amehama, na cheo chake, kama anacho, kinakoma hapo hapo. Ulikiandika mwenyewe kwa wino mwekundu. Nasikitika kukuarifu kwamba umehama."

"Nimehama? Lowell, nilikwenda kujisaidia!"

"Sheria haiangalii nia. Nakutakia makazi mema."

Watu wananiuliza kwa nini hakupanda basi arudi. Nasikia siku ya kwanza alikataa kushuka mpaka aombwe radhi, na siku ya pili aliombwa radhi akakataa kushuka. Humo ndani wana kanuni moja tu: aliyeingia mwisho ndiye anayemwaga tangi la choo. Namba za gari walizipata huko Oregon kwa dakika kumi na moja, na karani akawatakia safari njema. Nimeliandikia jimbo lile barua kali.

Juzi nimeletewa picha. Wamesimama watatu ufukweni. Mheshimiwa Skogstad, mtu aliyewahi kumfukuza kazi karani kwa kupiga mluzi, amevaa glavu za mpira hadi viwikoni na anacheka mpaka ufizi unaonekana. Orrin amekunja suruali, maji yamemfika magotini, na kamera ameisahau, anaangalia upande mwingine. Nyuma ya picha ameandika maneno mawili: "Ni kubwa." Nililia ofisini, mlango ukiwa wazi. Mimi nina miaka arobaini na tisa, na bahari nami sijaiona.

Kwa kuwa kiti cha Kamishna kilikuwa wazi, kanuni imenikalisha mimi. Jumatano, wakati wa kahawa, nilijaza fomu ya kijani. Nikaipokea dirishani, nikajigongea risiti, nikajiita ndani kwa mahojiano. Nilijihoji dakika arobaini bila upendeleo. Mwombaji alijikanyaga kwenye tarehe, akashindwa kuangalia machoni, na maelezo yake kuhusu bahari yalikuwa na hisia zilizopitiliza. Nimejinyima. Nimekata rufaa, kama ilivyo haki ya kila mkazi, na rufaa inasikilizwa na Kamishna peke yake. Namjua vizuri huyo bwana, nakaa naye kila siku. Hana huruma hata chembe.