Taa Iliyonigomea Mbele ya Kidato cha Pili

Jamani, leo mwenzenu nimeumbuliwa na mpishi. Mchana kweupe. Kidato cha pili kizima kinatazama.

Mnajua mimi ni fundi redio hapa Kilosa. Mnajua pia nina kiinjini changu cha mvuke, kidogo tu, cha kuweka mezani (kimenichukua miezi saba, msiniulize redio za wateja zilikuwa wapi). Unachemsha maji kwa spiriti, mvuke unasukuma gurudumu, gurudumu linazungusha dainamo (ni mota niliyoitoa kwenye redio kaseti), dainamo inawasha kitaa cha LED. Babu yangu alitoka Tabora kuja kuchochea moto kwenye treni za moshi. Mimi nimerithi wazimu wake.

Sasa, mkuu wa shule moja ya sekondari Mikumi akasikia habari za hicho kiinjini, akaniita. Watoto wakikielewa, ananipa klabu ya sayansi kila Jumamosi. Mimi! Niliyeishia kidato cha tatu! Nilikuwa naitaka hiyo klabu mpaka wiki nzima silali vizuri.

Asubuhi nikajaribu nyumbani. Ikawaka safi. Nikachomoa waya, nikapanga vitu kwenye ndoo, nikapanda basi. Nilipofika nikaunga upya. Waya zote mbili nyekundu (nyeusi ziliniishia, nikasema nani ataona).

"Shikamoo, madam," nikamwamkia mkuu wa shule.

"Marahaba. Karibu fundi, wanafunzi wanakusubiri."

Nikajitambulisha kwa mbwembwe zote, kabila na ukoo. Nikawasha moto. Maji yakachemka, gurudumu likazunguka, darasa likapiga makofi. Taa je? Kimya. Haina hata dalili!

Mara nasikia sauti dirishani. "We Mnyamwezi! Yaani umetoka Kilosa kuja kutuletea moshi? Moshi si hata jikoni kwangu upo?"

Ni Mama Zai, mpishi wa shule, mwiko mkononi. Mluguru. Hapo tena! Watani wawili wamekutana, darasa likaangua kicheko.

"Mama, rudi kwenye maharage, yanaungua!" nikamjibu.

Nikakaza mpira unaozungusha dainamo. Wapi. Nikakwangua ncha za waya kwa wembe. Wapi! Jasho likaanza.

"Geuza hizo waya," akasema Mama Zai. "Ya huku peleka kule."

Nikacheka kwa nguvu. Maneno ya mtani unayafuata? Mwaka jana mtani mmoja alinielekeza njia ya Malolo, nikatokea katikati ya shamba la mpunga, viatu mkononi. Nikamwambia, "Wewe geuza ugali, mama. Umeme tuachie mafundi."

Kisha nikalamba waya. Ndiyo, nimelamba, mbele ya watoto (nilisahau kipimo nyumbani). Ulimi ukawashawasha.

"Umeme upo!" nikatangaza, masizi mdomoni. "Basi taa ndiyo imekufa. Hizi taa za siku hizi feki tupu!" Nikahutubia kuhusu vitu feki kama dakika tano hivi. Hakuna aliyeniuliza.

Madam akatazama saa. "Fundi, kipindi kinaisha."

Niliiona klabu ikiondoka hivihivi, na roho iliniuma kweli.

Mama Zai akaingia darasani, anafuta mikono kwenye kanga. Akachomoa waya, akazibadilisha, akachomeka.

Taa ikawaka. Nyeupe pee! Watoto wakapiga kelele mpaka darasa la jirani wakatoka kuchungulia.

"LED ukiigeuza haiwaki," akawaambia wanafunzi, taratibu kabisa. "Hata yangu ya sola ilinisumbua hivihivi. Nikaipeleka kwa fundi Kilosa."

"Fundi gani?" nikauliza (kwa nini niliuliza, jamani?).

"Wewe. Ukanifundisha huku unanicheka."

Nilitamani niingie kwenye ile ndoo. Watoto wamelala juu ya madawati kwa kucheka, madam amejifunika uso kwa daftari la mahudhurio, mabega yanatikisika. Mama Zai akanivua kofia kichwani, akaivaa, akatangaza kuwa ndiyo faini ya utani. Nami nikamwachia, sheria ni sheria.

Nikaanza kufungasha. Binti mmoja wa mbele akanyoosha mkono: "Fundi, sasa kwa nini ikigeuzwa haiwaki?" Mwingine naye akataka kuzigeuza mwenyewe aone. Kufumba na kufumbua wameizunguka meza yote, kengele imelia na hakuna anayetoka.

Madam akanivuta pembeni, bado anafuta machozi. "Klabu nakupa. Ila mtafundisha wawili, wewe na Mama Zai."

Basi, chekeni leo, chekeni mmalize. Jumamosi mtaniita mwalimu.