Ndani ya Moyo kwa Helmeti

Jumatatu, 9 Juni 1997

Wanafunzi wengine wawili wamenihama. Wako chumba cha jirani, kwa Mwalimu Violeth. Yeye anafundisha moyo kwa moyo wa mbuzi kutoka buchani. Mimi nina chaki.

Bwana Praful, mwenye jengo hili la Mchafukoge, amesema Ijumaa kutakuwa na jaribio. Binti yake Krina, anayerudia kidato cha nne, akifaulu baiolojia, nabaki na chumba changu cha twisheni. Akifeli, Violeth anapewa vyote viwili.

Mchana nikashuka dukani kwake. Ameshusha kontena la mitumba ya Kijapani. Humo nimekuta helmeti yenye vioo viwili ndani, na waya unaoingia kwenye kompyuta. Praful akasema ukiivaa unaingia mahali pengine kabisa. Nikauliza wapi. Akasema hajui, alitapika kabla hajafika.

Nimeiazima, pamoja na kompyuta yake. Jioni nikabandika tangazo mlangoni: INGIA NDANI YA MOYO WA BINADAMU. Violeth akalisoma, akauliza kama nina hakika. Wivu huo.

Jumanne, 10 Juni

Nimeivaa. Nimeingia jikoni.

Sielewi. Makabati meupe, sinki, friji, maandishi ya Kijapani. Nikigeuka, dirisha na mlima. Nimetafuta moyo kabati kwa kabati. Nilipovuta mlango wa friji, kumbe nimeshika sikio la Siwema, mwanafunzi wangu anayeuza vitenge Kariakoo. Alikuja kuulizia zamu yake. Akasema haina neno, Mwalimu.

Tangazo limesomwa na mtaa mzima. Kulitoa siwezi.

Nimewaza sana. Moyo una vyumba. Hiki ni chumba. Moyo una vali. Friji ina mlango.

Jumatano, 11 Juni

Watu mpaka kwenye ngazi. Hata wale wawili wamerudi.

Krina alivaa wa kwanza. Nikamwambia yuko chumba cha juu kulia, damu inaingilia bombani. Akauliza, "Mwalimu, mbona kuna birika?" Nikajibu kwamba moyo unahitaji joto. Akaandika.

Zamu ya Siwema, umeme ukakatika. Akiwa gizani humo ndani akauliza kama sasa amefika kwenye mapafu. Nikasema ndiyo.

Wamefurahi sana. Mimi pia, ingawa sijui tulikuwa wapi.

Ijumaa, 13 Juni

Jaribio. Swali: damu ikitoka chumba cha chini kulia inakwenda wapi? Krina ameandika inashuka kwenye sinki, inapita chini ya kabati. Siwema: kwenye friji, kupoa.

Praful akapanda na karatasi mkononi. Hakufoka. Akaniuliza taratibu, sinki la mtu liko upande gani. Nikasema hayo ni mambo ya teknolojia. Akasema nifungashe. Nikauliza kuhusu helmeti.

"Nenda nayo, Mwalimu. Sitaki kumuuzia mtu mwingine balaa hilo."

Nilikaa kwenye ngazi, kompyuta mapajani. Krina akapita, akanipa pole. Akasema jiko lilikuwa zuri.

Jumamosi, 14 Juni

Violeth amenipa kona ya chumba chake, nifundishe saa za mchana. Masharti: kwanza nihudhurie somo lake, pili helmeti nisiiguse.

Nikakaa nyuma ya Siwema. Violeth akapasua moyo wa mbuzi, akamimina maji. Yakaingia huku, yakatokea kule. Siwema akacheka kwa furaha, akasema kumbe ni hivyo tu. Violeth akaniuliza mbele ya wote kama nimeelewa. Nikasema sana. Sikuelewa. Milango yote ile, na hakuna hata dirisha.

Baadaye akaniazima kitabu, nisome sura ya moyo. Nikashukuru. Nimekiweka chini ya kompyuta, maana ilikuwa inayumba.

Kosa nimeshalijua. Helmeti haina tatizo, mada ndiyo haikufaa. Jiko na moyo wapi na wapi? Jiko ni mambo ya tumbo, hata mtoto anajua. Jumatatu, Violeth akienda Posta, naanza mmeng'enyo wa chakula.