Ombi la Kuiweka Kizuizini Pikipiki Yangu Kuukuu

Karatina,
Aprili, 1955.

Kwa Bwana DO,

Mheshimiwa Bwana,

Pokea salamu zangu na za ng'ombe wote wa tarafa hii, ambao bado nawadunga sindano pamoja na matope yote haya. Nakuandikia kwa unyenyekevu, lakini pia kwa hasira, na naomba vyote viwili vipokewe.

Naomba utie sahihi amri ya kuiweka kizuizini pikipiki yangu kuukuu, humu humu nyumbani mwangu, mpaka Hali ya Hatari iishe. Najua wengi wanakuandikia watu wao watolewe kizuizini. Mimi naomba kuingiza. Jumamosi anakuja Mutahi, mwenye kinu cha posho kule Kutus, aing'oe injini yake aifunge kwenye kinu. Pikipiki iliyonipeleka Nanyuki na kunirudisha, isage mahindi! Hapana, Bwana, haiwezekani.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Uliamuru kila chombo cha moto kilale ndani, watu wa msituni wasije wakakichukua. Nilitii. Ilipokuwa moja, ililala kando ya meko, na mke wangu Khavere alianika nguo za mtoto kwenye usukani wake bila kinyongo. Tangu ninunue pikipiki ya pili, ile Kubwa, Kuukuu imesogezwa hadi miguuni mwa kitanda, na Khavere amesema moja itoke. Kwa hiyo chanzo cha ugomvi wangu ni amri yako, ila sikulaumu.

2. Kubwa haiwezi kuishi bila Kuukuu. Ikizama matopeni, ni lazima nirudi kwa miguu, nichukue Kuukuu, niende nikaite watu wa kuivuta. Sasa Kuukuu ikiuzwa, nani ataikomboa Kubwa? Nilimweleza Khavere hayo, akaniuliza kwa nini basi nisipande Kuukuu tangu asubuhi. Ati! Wanawake hawaelewi mambo ya mashine.

3. Theuri, homugadi anayelinda lango la kijiji chetu, akisikia Kubwa ikinguruma hudhani ni lori la askari, akasimama wima na kupiga saluti. Akiona ni mimi, huona haya, kisha hunipekua hadi ndani ya soksi. Kuukuu anaijua kwa kikohozi chake, na hunipungia mkono tu.

4. Hili ndilo zito. Kwetu Kimilili, mtu akioa mke wa pili, wa kwanza hafukuzwi. Yeye ndiye mwenye boma. Wa pili huingia kwa ridhaa yake, na wasipopatana, wa pili ndiye hurudi kwao. Nilimwambia Khavere maneno hayo hayo kuhusu pikipiki, Mungu ni shahidi. Akauliza huyo wa pili anaitwa nani. Nilijieleza mpaka saa ya kafyu, wapi! Sasa nakula viazi baridi na nalala chini, kati ya pikipiki mbili, na kwa kweli naumia moyo.

5. Nikikosa usingizi nitamdunga fahali vibaya. Fahali atavunja boma, ng'ombe wataingia msituni, na watu wa msituni watakula nyama mwaka mzima. Hapo Hali ya Hatari itaisha lini, Bwana? Fikiria.

Nisalimie Memsaabu, mpishi wako, na yule mbwa niliyemtoa kupe.

Mimi mtiifu wako, mwenye pikipiki mbili,
Barnabas Simiyu,
Msaidizi wa Bwana Mifugo.

Nyongeza: Leo Jumamosi, kabla sijaituma barua hii, nilimpa Khavere aisome, aone kwamba sina mwingine. Alicheka mpaka akakaa chini. Amekubali lalamiko la nne lote: wa kwanza hafukuzwi, na wa pili aliyeingia bila ridhaa hurudi kwao. Mutahi ameondoka na Kubwa, akisema injini kubwa itasaga vizuri zaidi. Mimi nimerudishwa kitandani. Basi ile amri usisumbuke nayo tena.

Sasa hivi mtu amefika mbio kutoka kwa Mutahi. Mutahi amezama matopeni pamoja na Kubwa, na anaomba nimwazime Kuukuu aende akaite watu wa kumvuta. Khavere amesema nisimpe.