Mwanamke wa Kompyuta Aondoke Ukutani Kwangu

Kianjokoma, Embu
Alhamisi

Kwa Bi. Winrose Njura,
Mtengenezaji wa Picha,
Embu Mjini

Mjukuu wangu Winrose,

KUH: MWANAMKE ULIYENILETEA NYUMBANI

Sisi huku ni wazima, na ng'ombe amezaa. Nakuandikia rasmi kwa sababu kwa simu huwa unacheka tu.

Ile picha ya marehemu nyanya yako, uliyoitengeneza kwa akili bandia kutoka kwa ile ya kitambulisho chake, niliipokea kwa shukrani nikaitundika. Sasa nina malalamishi:

1. Anacheka. Nilikaa na Veronicah miaka arobaini na mmoja, na hakuwahi kuchekea kamera hata siku ya harusi.

2. Mwanya wa meno umezibwa. Huo mwanya ndio ulionitoa hapa nikaenda kuposa Meru, nikiwapita wasichana wote wa Embu! Nani aliiambia kompyuta kwamba ni kasoro?

3. Mikono imelala mapajani, laini kama ya karani wa benki. Nyanya yako alichuna majani chai mpaka asubuhi ile aliyomzaa mama yako.

4. Kwa kuwa huyu si Veronicah, basi ni mwanamke mwingine. Ninaishi naye tangu Pasaka, mahari sijalipa, kwao sikujui, na mimi ni mzee wa kanisa. Ann wa Chama cha Kina Mama alikuja kuniombea, akamtazama, akaniuliza nimeoa lini.

Kwa hivyo naomba kompyuta ilete mbuzi mmoja mbele ya ukoo, iombe msamaha, kisha imrudishe huyo mama kwao. Kama haina mbuzi, wewe ndiwe mzazi wake.

Usinicheke, Winrose. Huu ni mwaka wa tatu, na sura ya nyanya yako imeanza kunitoroka. Nikifumba macho kumtafuta, anakuja huyu wako na meno yake yote. Inaniuma sana. Nimemwomba Munyi, yule anayechora mabango ya hoteli sokoni, amchore kwa mkono, mimi nikikaa kando nikimweleza.

Wasalimie watoto na majirani wote. Bwanako Gitari naye mwambie arudishe panga langu.

Ni mimi babu yako mwenye uchungu,
Nthiga

Tanbihi: Barua imekaa mfukoni siku nne, na Munyi ameleta picha. Ni yeye, Winrose! Mwanya, kovu la kidevuni, na lile jicho lake. Nimelia mbele ya watu. Nilimtundika papo hapo juu ya meza ya kulia. Shida ni kwamba nyanya yako, enzi za uhai wake, ndiye aliyepewa na daktari kazi ya kunihesabia vijiko vya sukari, na tangu juzi sijathubutu kutia hata kimoja mezani pale. Mbuzi tusameheane. Huyo wako anayecheka asiende popote. Nimemhamishia chumba cha wageni, na ndimo ninamonywea chai siku hizi.