Dakika Kumi Bila Kumsalimia Shemeji

Severini Mchopa,
Nkowe, Ruangwa.

Kwa Mkuu wa Utafiti wa Kutembea,
Nachingwea.

Ndugu Mkuu,

Natanguliza salamu, na tafadhali usizipite haraka, maana malalamiko yangu yote yanatokana nazo.

Binti yenu Shakila alifika kwangu akaniuliza kama wiki iliyopita nilitembea kwa ajili ya mazoezi, walau dakika kumi mfululizo bila kusimama. Nikajibu hapana. Akaandika kwamba sifanyi mazoezi, na jembe nililotoka nalo kwenye mikorosho bado liko begani. Kisha akanifunga kiunoni mkanda wenye kidude cha kupima mwendo, akasema wanalipima swali lenyewe, kama linaleta majibu ya kweli. Ndipo yakanikuta haya:

1. Nkowe hakuna mtu anayetembea dakika kumi bila kusimama. Ukikutana na mtu utamwuliza habari za nyumbani, za mgonjwa, za ufuta, naye akuulize zako. Anayepita moja kwa moja ama ana msiba ama anaharisha.

2. Nililihurumia swali lenu. Mimi nilifeli darasa la nne, najua uchungu wa kupimwa mbele za watu. Nikaamua kulisaidia lifaulu. Nikashika njia ya Malolo, sisimami. Shemeji yangu Obadia, kaka wa mke wangu, alikuwa amekaa barazani kwake. Akaniita. Nikapunga mkono, nikaongeza mwendo.

3. Obadia ametuma ujumbe kwamba mtu anayempita kama anapita kisiki asimwite tena shemeji, na kwangu hakanyagi. Mke wangu Domitila yuko upande wa kaka yake. Chakula napewa, salamu sipewi. Nilipomwonyesha kidude aliniuliza kama hicho ndicho kilichomwozesha kwangu.

4. Shakila alipokuja kuuchukua mkanda na kusoma kidude alifurahi sana. Eti nimebadilika.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, salamu zihesabiwe kuwa mazoezi. Kumsikiliza Obadia akieleza goti lake, nawe umesimama juani, ni kazi kuliko kupalilia. Pia naomba barua yenye muhuri ya kumweleza kwamba aliyempita si mimi, ni swali. Ikishindikana, uje mwenyewe kumwomba radhi, kwa miguu kutoka Nachingwea, ukimsalimia kila mtu njiani. Tutakutegemea masika yajayo.

Nisalimie mkeo, watoto, dereva, mlinzi wa geti na mama anayewapikia chai. Usimruke mtu, umeona yaliyonipata.

Wako asiyefanya mazoezi,
Severini Mchopa

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Obadia amekuja mwenyewe kunisamehe. Domitila amefurahi, salamu nimepewa. Obadia amekaa tangu asubuhi anasimulia goti lake. Sasa jua liko utosini, na bado yuko kwenye goti la kushoto. Barua ya muhuri msitume. Nirudishieni mkanda.